Mwenye Kuziba Njia na Mwenye Kurudi Nyuma



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo litendwalo kila siku katika miji yetu na hata vijijini, jambo ambalo watu hawalihesabu kuwa hatari kwa sababu hufanyika polepole. Tukitaja hatari za barabarani, mara moja fikira zetu huenda kwa basi liendalo mbio, au kwa lori lililokatika breki mteremkoni. Hizo ni hatari za kweli, na wenye kuzisema ni wengi. Lakini iko hatari nyingine isiyo na mbio wala kishindo, nayo ni ya gari lirudilo nyuma. Tena mara nyingi hatari hiyo huletwa na sababu iliyojificha: gari jingine lililoachwa mahali pasipofaa na mtu asiyewafikiri wenzake.

Mambo haya mawili watu huyatenga. La kwanza huliita ajali, na la pili huliita usumbufu tu. Mimi nitajaribu kuwaonyesha kwamba ni ncha mbili za kamba moja.

Tuanze na neno lenyewe. Siku hizi twasema "kuegesha gari". Neno hili asili yake si la barabarani, ni la baharini. Kuegesha ni kukileta chombo karibu na gati au pwani hata kikatulia mahali pake. Na kila mtu wa pwani ajua ya kuwa nahodha hakiachi chombo chake popote apendapo. Hazibi mlango wa bandari, wala hatii nanga katika mkondo upitao vyombo vingine, maana ajua kwamba usiku mwenziwe atakuja, na upepo haumngoji mtu. Neno lilipanda kutoka pwani likafika barabarani, lakini adabu yake haikupanda pamoja nalo. Mtu hulisimamisha gari mbele ya duka, nusu barabarani na nusu juu ya njia ya waendao kwa miguu, akawasha taa zake za kumetameta, akaingia ndani akisema, "Dakika moja tu." Dakika hiyo ikazaa dakika ishirini.

Tuchukue mfano wa Kariakoo, Dar es Salaam, mahali ambapo wengi wenu mmefika au mna ndugu waliofika. Jina lile latokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Leo Kariakoo ni mtaa wa biashara kubwa. Bidhaa hushushwa pale na kupelekwa mikoani na hata nchi za jirani. Njia zake zilipimwa zamani, wakati magari yalipokuwa machache mno. Sasa katika njia moja hukutana malori, bajaji, pikipiki, mikokoteni, wapagazi wenye mizigo vichwani, wachuuzi waliotandika vitu vyao chini, wanunuzi na watoto.

Basi fikirini hivi. Lori limesimama kando likishusha magunia. Mwenye gari dogo aja, haoni nafasi, naye alisimamisha gari lake sambamba na lile lori, katikati ya njia, akaenda zake dukani. Nyuma yake yaja pikapu yenye mzigo. Haiwezi kupita. Dereva wake apiga honi, hapana jibu. Apiga tena, watu wamtazama yeye kana kwamba ndiye mkorofi. Afanye nini? Hana njia ila kurudi kinyumenyume mpaka njia panda. Kwa hiyo yule mwenye gari dogo, ambaye wakati huo yumo dukani akipatana bei ya vitenge, amemlazimisha mtu asiyemjua kufanya kazi ngumu kuliko zote za udereva: kuliendesha gari zito mahali asipopaona, katikati ya watu wasiojua kama yuaja.

Sasa yafaa tujue kwa nini kazi hiyo ni ngumu. Sababu ya kwanza ni ya macho. Wazee walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini macho ya dereva yamewekwa mbele, na kisogoni hana jicho hata moja. Akigeuka kutazama nyuma, haoni ardhi iliyo karibu na gari lake. Aona tu yale yaliyo juu ya ukingo wa gari. Tufanye hesabu ndogo, na wanafunzi waiandike. Tuseme macho ya dereva wa pikapu yako sentimeta 150 juu ya ardhi. Ukingo wa nyuma wa pikapu uko sentimeta 120 juu ya ardhi, na toka macho mpaka ukingo ni mita 4. Basi mstari wa macho yake umeshuka sentimeta 30 katika mita 4. Ukiendelea kushuka vivyo hivyo, utaigusa ardhi baada ya mita 16 nyuma ya gari. Yaani katika mita 16 zote dereva yule haoni ardhi kabisa.

Na watu je? Mtoto mwenye kimo cha sentimeta 90, yaani kama wa miaka mitatu hivi, hafichuki hata utosi wake mpaka awe mita 4 nyuma ya gari. Mama aketiye chini akiuza nyanya, ikiwa kichwa chake kiko sentimeta 80 juu ya ardhi, hafichuki mpaka apite mita 5. Mtoto atambaaye huhitaji zaidi ya mita 10. Hiyo ni pikapu. Lori lenye bodi iliyozibwa, au lenye mzigo mrefu, dereva wake haoni nyuma kitu chochote. Aona pande mbili tu kwa vioo vyake.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili uwanjani bila gharama. Simamisheni fimbo ya sentimeta 150, na mbele yake mita 4 simamisheni nyingine ya sentimeta 120. Fungeni uzi mrefu juu ya fimbo ya kwanza, uupitishe juu ya ncha ya fimbo ya pili, kisha uvuteni ukiwa umenyoka mpaka uguse chini. Halafu waiteni watoto wa darasa la kwanza wakae chini ya uzi ule, mmoja baada ya mmoja. Wote walioingia chini ya uzi ni watu ambao dereva hawaoni. Nadhani atakayeona watoto wangapi waenea pale hatasahau somo hilo.

Tangu zamani watu wametafuta dawa ya upofu huo. Mwaka 1909 bibi mmoja Mwingereza, dereva hodari aliyeitwa Dorothy Levitt, aliwashauri wanawake wenye magari wachukue kioo cha mkononi, wakiinue mara kwa mara ili waone yaliyo nyuma. Baadaye vioo vilifungwa katika magari yenyewe. Kioo ni msaada mkubwa, lakini kina mipaka yake. Kioo cha ndani huonyesha yale tu yaonekanayo kwa dirisha la nyuma. Vioo vya pembeni vingi vimebinuka kidogo ili vionyeshe eneo kubwa, na kwa sababu hiyo vitu huonekana vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Na hapana hata kimoja katika hivyo kiwezacho kuona ardhi iliyo katikati, nyuma kabisa ya gari.

Sababu ya pili ni ya usukani. Gari liendapo mbele, magurudumu yanayogeuka huongoza, na mwili wa gari hufuata. Lirudipo nyuma mambo hupinduka. Dereva akikata usukani, mkia wa gari huingia upande mmoja, na pua yake huchota upande wa pili kwa nguvu na kwa upana. Dereva aliyekaza macho nyuma aweza kuusalimisha mkia wake vizuri, na papo hapo pembe ya mbele ikamwangusha mwendesha baiskeli aliyesimama kando kwa amani.

Sababu ya tatu ni ya wakati. Watu husema, "Alikuwa akirudi polepole, vipi alimwumiza mtu?" Tazameni basi. Mwendo wa mtu atembeaye, kilometa 5 kwa saa, ni karibu mita moja na nusu katika kila sekunde. Dereva akisikia ukelele, sharti sikio lisikie, akili ielewe, na mguu ufike kwenye breki. Hayo huchukua sekunde moja au zaidi. Kwa hiyo gari litakuwa limekwisha kwenda mita moja na nusu kabla breki haijaanza kushika. Mtoto aliyekuwa mita moja nyuma ya gari hakupata nafasi yoyote. Gari halikuhitaji mbio. Uzito wake watosha.

Na sababu ya nne ni ya yule aliye nyuma. Yeye aliona gari limesimama, naye aliamini kwamba gari lililosimama ni kama ukuta. Pengine ameegemea. Pengine ameinama kufunga kamba ya kiatu. Pengine ni mzee ambaye masikio yake yamechoka, au ni mtu asiyeona, aliyeshuka barabarani kwa kuwa njia yake ya miguu imezibwa na gari jingine. Nanyi angalieni jinsi mambo yarudivyo pale pale: aliyeziba njia amemtoa mtu asiyeona mahali pake pa salama, akamtia nyuma ya gari la mtu asiyeona nyuma.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni maneno ya kutisha watu. La. Nchi zilizohesabu zimeona. Huko Marekani, serikali yao ilipotoa kanuni mpya mwaka 2014, ilieleza ya kuwa watu wapatao 210 hufa kila mwaka kwa kugongwa na magari madogo yarudiyo nyuma, na wapatao 15,000 huumizwa. Katika waliokufa, 31 kwa kila 100 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano, na 26 kwa kila 100 walikuwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Yaani zaidi ya nusu walikuwa wale wawili ambao kila nyumba huwatunza kuliko wote: mtoto na mzee. Sheria iliyozaa kanuni ile ilitiwa sahihi mwaka 2008, na kuitwa kwa jina la mtoto wa miaka miwili aliyekufa mwaka 2002. Aliyekuwa akiendesha gari alikuwa baba yake mwenyewe, akirudi kinyumenyume nyumbani kwake. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na mbio. Hakumwona tu.

Kwa kanuni hiyo, tangu tarehe 1 Mei 2018 kila gari dogo jipya liuzwalo Marekani sharti limwonyeshe dereva eneo la nyuma lenye upana wa mita 3 hivi na urefu wa mita 6 hivi, na hilo hufanywa kwa kamera. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo, tangu Julai 2024, zadai chombo cha kutambua kitu kilicho nyuma katika magari mapya yote. Huku kwetu magari mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda huletwa yakiwa yamekwisha tumika Japani, na mengine huja na kamera hiyo. Ni jambo jema. Lakini kamera ni jicho, nalo jicho huingia tongo. Vumbi la kiangazi na tope la masika huifunika, na mwenye gari hukaa miezi bila kuifuta. Tena kamera haimwoni aliye mbali kando ambaye baada ya sekunde mbili atakuwa nyuma yako. Dereva mwema huitumia kamera kama msaidizi, wala hampi kazi yote.

Basi dereva afanye nini? Kwanza, asirudi nyuma bila sababu. Njia salama kuliko zote za kurudi nyuma ni kutorudi kabisa. Kanuni za barabara za Uingereza, zilizochapwa mara ya kwanza mwaka 1931 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, zakataza kurudi nyuma zaidi ya ipasavyo, na zakataza kutoka kinyumenyume katika njia ndogo kuingia barabara kubwa. Zashauri pia jambo moja la akili sana: uingiapo uani, ingia kinyumenyume, utokapo, toka ukitazama mbele. Kwa nini? Kwa sababu ukifika, umepaona mahali pale sasa hivi kwa macho yako, ulipokuwa ukipapita. Lakini ukiondoka asubuhi, gari limelala pale usiku kucha, nawe hujui ni nani aliyekuja kukaa nyuma yake, kuku au mtoto.

Pili, kabla ya kupanda, zunguka gari lako mara moja. Tazama nyuma, tazama chini, tazama pembe zote nne. Kisha panda uondoke mara ile ile. Ukizunguka halafu ukakaa kuzungumza katika simu dakika tano, mzunguko wako umekwisha kufa, na yafaa uzunguke tena.

Tatu, ikiwa huoni, tafuta mtu wa kukuongoza. Wenye malori wana utingo, ambaye Kenya humwita taniboi. Hiyo ni kazi yake, lakini wengi hawakufundishwa kuifanya. Utingo husimama nyuma kabisa ya lori, akapiga bodi kwa kiganja, akiita, "Rudi! Rudi! Rudi!" Dereva hamwoni, asikia sauti tu. Sauti ikizama katika kelele za soko, dereva aendelea kurudi, na wa kwanza kugongwa aweza kuwa utingo mwenyewe. Kiongozi mwema husimama kando, nyuma kwa upande, mahali ambapo dereva aona uso wake katika kioo, naye aweza kuona nyuma yote ya gari. Wapatane kwa ishara za mikono kabla ya kuanza: ishara ya kuja, ya kushoto, ya kulia, na ya kusimama. Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: dereva akimkosa kiongozi katika kioo, hata kwa kitambo kidogo, asimame pale pale. Asidhani. Asisubiri sauti. Asimame.

Nne, fungua dirisha, punguza muziki, na uende mwendo wa kobe. Honi fupi yafaa, lakini honi si amri. Mtu aliyesikia honi hajui kama ni yeye aambiwaye.

Sasa turudi kwa yule mwenye kuziba njia. Yeye asema, "Mimi nilisimama tu. Gari lililosimama halimgongi mtu." Maneno hayo yana ukweli nusu. Gari lake halikumgonga mtu kwa pua yake, lakini laweza kumgonga kwa mkia wa gari la mwingine. Alisimama katika kona, na wajao kutoka pande mbili hawaonani. Kanuni za Uingereza zakataza kuegesha katika mita 10 za njia panda, ila mahali palipotengwa, na sababu ni hiyo. Alisimama mbele ya lango la watu, na mwenye nyumba hutoka kwa kupinda mara tatu badala ya moja. Alisimama mkabala na gari jingine katika njia nyembamba, na gari la wagonjwa laja limebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, nalo lapaswa kurudi kinyumenyume usiku, kila dakika ikihesabiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 na Sheria ya Trafiki ya Kenya zakataza kuacha gari mahali linapozuia njia. Wala hazikuandikwa ili kumpa askari kazi. Ziliandikwa kwa ajili ya yule mama.

Hapo huja swali liletalo ugomvi kila siku: gari lililorudi nyuma likigonga gari lililoegeshwa vibaya, lawama ni ya nani? Mmoja apaza sauti, "Kwa nini ulisimama hapa?" Wa pili ajibu, "Kwa nini hukutazama?" Watu hukusanyika, nao wagawanyika, na hapana mwisho.

Mimi nasema hivi. Mwenye kurudi nyuma ndiye mwenye mzigo wa kwanza. Yeye peke yake ndiye aliyechagua wakati wa kuondoa gari, na kitu kilichosimama hakikumrukia. Mwenzako akiegesha vibaya, hakukupa ruhusa ya kumgonga. Amekupa sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Lakini mwenye kuziba njia hakutakata. Hata sheria imefika katika maoni hayo. Zamani katika sheria ya Uingereza, mtu aliyechangia ajali kwa kosa lake mwenyewe, hata kidogo, aliweza kunyimwa fidia yote. Mwaka 1945 ilipitishwa sheria ya kuwa mwamuzi apime fungu la kila mmoja, na kupunguza fidia kwa kadiri ya kosa la mdai. Mahakama za Kenya nazo hugawa lawama kwa mafungu. Hiyo ni mizani ya haki: haimwachi yeyote ajifiche nyuma ya kosa la mwenziwe.

Tena aliyeligonga gari ambalo mwenyewe hayupo, asikimbie. Amtafute mwenyewe, au aache jina lake na mahali apatikanapo, au aende polisi kueleza. Mkwaruzo hutengenezwa kwa fedha, lakini jina la mtu aliyekimbia halitengenezwi upesi.

Najua wako watakaosema, "Ajali haina kinga." Methali hiyo ni ya kweli mahali pake. Yatufariji tuliofiwa kwa radi, au kwa mti ulioanguka usiku. Lakini mtu asiyezunguka gari lake hana haki ya kuitumia, wala aliyeziba njia hana haki. Ajali hii ina kinga, tena si ya gharama: ni hatua ishirini za kuzunguka gari, na hatua hamsini za kutembea kutoka mahali panapofaa kuegesha mpaka dukani. Tukiiita kazi ya Mungu, tunamsingizia.

Neno moja kwa wazee wa vijiji na wakuu wa masoko. Wakaguzi wa usalama wa kazi huko Uingereza wamesema kwamba karibu robo ya vifo vyote viletwavyo na magari makazini hutokea gari likirudi nyuma, nao hushauri mahali pa kazi papangwe ili magari yaingie upande mmoja na kutoka upande mwingine. Shauri hilo lafaa hata kwa gulio la kijiji. Siku ya gulio malori huja kuchukua mahindi na ndizi, nayo hujiingiza katikati ya akina mama waliotandika kanga na vikapu, kisha jioni hutoka kinyumenyume gizani. Kwa nini isipigwe kamba? Wekeni mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Upande huu wauzaji, upande ule magari. Fanyeni mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, ili lori lizunguke na kuondoka likitazama mbele. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na majembe mnayo.

Na ninyi wanafunzi, shikeni mambo manne. Msicheze nyuma ya gari wala chini yake, hata likiwa limezimwa. Kivuli cha lori si kivuli cha mwembe. Mkiona taa nyeupe zimewaka nyuma ya gari, au mkisikia mlio wake wa kukatika-katika, jueni kwamba laja kwenu. Ondokeni kwa upande, wala msikimbie kinyumenyume nalo. Msipite nyuma ya gari lenye injini inayonguruma. Piteni mbele, kwa mbali, mkiwa mmeonana macho na dereva. Na baba au mjomba akifika nyumbani na gari, msikimbilie kumlaki mpaka injini izimwe. Nanyi wazazi, gari liondokapo, mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina. Wakiachiwa "watu wote" kumwangalia, hapana amwangaliaye.

Wasikilizaji wangu, barabara ni kama kisima cha kijiji. Si mali ya mtu, na kila mtu aihitaji. Mwenye kuacha ndoo yake mdomoni mwa kisima akaenda zake hakumwaga maji ya mtu, lakini atakayejikwaa na kutumbukia ni mwingine. Basi ukiegesha, jiulize: nani atalazimika kurudi nyuma kwa ajili yangu? Na ukirudi nyuma, jiulize: nani yuko chini ya uzi? Ukiwa hujui jibu, simama, shuka, ukatazame.

Kwaherini.